Sura ya Nne: Wateja Walioupindua Mpango

Oktoba 2005, wakopaji wadogo wasiozidi 500 wa Nairobi na Thika walipewa simu za mkononi na kufundishwa jambo moja: kurejesha mkopo bila kubeba noti. Wote walikuwa wateja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo iliyokopesha watu kwa vikundi. Kwa desturi, mwanachama alifika kwenye mkutano wa kikundi chake na marejesho mkononi. Pesa zilihesabiwa mbele ya wenzake, zikaandikwa daftarini, kisha zikapelekwa benki na mtu aliyetembea huku akiangalia nyuma. Sasa aliambiwa aende kwenye duka mojawapo kati ya 8 yaliyoteuliwa kuwa mawakala, akabidhi pesa taslimu, asubiri ujumbe wa salio, halafu atume marejesho kwa Faulu kwa kubonyeza namba ya siri.

Huduma hiyo iliitwa M-Pesa. Wazo lake lilizaliwa mbali na Thika, katika ofisi za kampuni ya simu ya Vodafone nchini Uingereza, ambako Nick Hughes aliomba fedha kutoka DFID, idara ya serikali ya nchi hiyo iliyoshughulikia misaada ya maendeleo. Serikali ilitoa karibu pauni milioni 1, Vodafone ikaongeza kiasi kama hicho, na Susie Lonie akatumwa Nairobi kuhakikisha mradi unasimama. Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ilikuwa na mtandao, Commercial Bank of Africa ikashika akaunti, Faulu ikaleta wateja. Kwenye makaratasi, kila kitu kilikaa sawa.

Kisha watu wakaanza kuitumia.

Waliokuwa wakisafiri kati ya Nairobi na Thika waliweka pesa kwa wakala walipoondokea, wakapanda gari mifuko mitupu, wakazitoa saa chache baadaye walipofika. Wenye biashara waliofunga hesabu jioni, benki zikiwa zimeshafunga milango, waliyalaza mauzo ya siku ndani ya simu hadi asubuhi. Wengine walilipana wenyewe kwa wenyewe kwa bidhaa. Wengine walimlipia mwenzao marejesho ya wiki, naye akawafidia kwa kazi au huduma. Wapo pia walionunua muda wa maongezi kupitia M-Pesa na kumrushia ndugu aliyeko mashambani, ukawa ndio msaada wa nyumbani wa mwezi huo.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kwenye mwongozo. Mtu angeweza kuyaita matumizi mabaya ya mfumo na kuyazuia. Faulu, kwa upande wake, ilikuwa na sababu za kulalamika. Vitabu vyake vilifuata kikundi ilhali M-Pesa ilimfuata mtu mmoja mmoja, kwa hiyo kuoanisha hesabu hizo mbili kukawa kibarua cha ziada. Tena mkutano ule uliodhaniwa kuwa usumbufu ulikuwa na kazi yake. Mwanachama aliyelipa kwa simu hakuona haja ya kwenda kukaa na wenzake, na mshikamano wa wenzake ndio uliokuwa dhamana ya mkopo.

Basi mambo mawili yalionekana kwa pamoja: kile kilichokusudiwa kilikwenda kwa kusuasua, na kile kisichokusudiwa kilikwenda chenyewe. Timu ikachagua la pili. Sehemu ya mikopo iliondolewa. Kukabaki kuweka, kutuma, kutoa na kununua muda wa maongezi. Safaricom ilipoifungulia nchi nzima Machi 2007, tangazo lilisema jambo moja tu: tuma pesa nyumbani. Kabla mwaka huo haujaisha, waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni 1.

Simulizi hii mara nyingi huishia hapo, kwenye ushindi. Lakini kinachomfaa mwanzilishi wa biashara kiko nyuma kidogo. Haja ya kutuma pesa nyumbani haikuwa siri. Kwa miaka mingi Wakenya wa mjini walimpa bahasha jirani anayesafiri, walimwamini kondakta wa basi, au walipanga foleni posta. Utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikwisha kuonyesha kwamba watu wa Uganda, Botswana na Ghana walikuwa wakirushiana muda wa maongezi kama fedha. Dalili zilikuwepo. Mradi ulipitia mlango mwingine kwa sababu ulijengwa juu ya tatizo la mkopeshaji: namna ya kukusanya marejesho kwa gharama ndogo. Mkopaji mwenyewe alikuwa na tatizo lake, nalo lilikuwa mama aliyeko kijijini anayesubiri hela ya dawa. Alipopewa chombo, alikitumia kwa tatizo lake.

Mteja mwenye adabu

Miaka hiyohiyo, huko California, mtu aliyepitia kampuni changa 8 za teknolojia alikuwa akifundisha somo lake. Steve Blank alistaafu mwaka 1999, akajiuliza kwa nini kampuni nyingi changa hufa zikiwa na bidhaa nzuri. Jibu lake, alilolitoa kwenye kitabu mwaka 2005, ni kwamba hufa kwa kukosa wanunuzi, na kwamba ndani ya ofisi hakuna taarifa yoyote ya kweli, kuna dhana tu. Aliwataka wanafunzi wake watoke nje wakakutane na wateja kabla ya kuajiri wauzaji.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Eric Ries, aliyeingia darasani kwa sharti: Blank aliwekeza katika kampuni yake, IMVU, mradi waanzilishi wake wahudhurie somo. IMVU ilianzishwa mwaka 2004. Mpango wake ulionekana kuwa wa akili sana: watu tayari wana programu za kuchati na rafiki zao wote wako humo, kwa hiyo kampuni itengeneze nyongeza yenye vibonzo vya pande tatu itakayoingia ndani ya programu hizo. Ries na wenzake walifanya kazi miezi 6, usiku na mchana, ili nyongeza yao isome mitandao mingi ya kuchati. Walipoizindua, hakuna aliyeijali.

Wakaanza kuwaita watu ofisini mmoja mmoja. Kijana wa miaka 17 aliketi mbele ya kompyuta, akatengeneza kibonzo chake, akafurahi. Akaombwa amwalike rafiki. Akakataa. Hajajua bado kama kitu hicho kinapendeza, sasa amwalike mwenzake ili aaibike? Wengine nao wakasema vivyo hivyo. Wakapewa njia ya kuchati na mtu wasiyemjua, na hapo wakakaa muda mrefu. Ilidhihirika kwamba kuongeza programu nyingine ya kuchati hakukuwa usumbufu kwao, kwani walikuwa nazo kadhaa tayari, na kwamba walitaka kupata marafiki wapya. Kazi kubwa ya miezi ile 6 ikatupwa. Uchungu wa kuitupa ndio uliozaa kitabu cha Ries cha mwaka 2011, ambacho kimesomwa na waanzilishi wa kampuni changa karibu kila mahali.

Swali alilobaki nalo Ries lilikuwa chungu: je, angeweza kujua hayo bila kuandika mistari yote ile ya programu? Angeweza, lakini si kwa kuuliza tu kama watu wangeipenda.

Mwaka 2013 Rob Fitzpatrick alichapisha kitabu kidogo kuhusu jambo hilohilo. Hoja yake ni kwamba hata mzazi wako atakudanganya ukimweleza wazo lako, kwa kuwa anakupenda. Kwa hiyo usieleze wazo, uliza maisha yake. Kwa Mswahili hoja hiyo ina uzito maradufu. Mgeni akija na karatasi, ameketi sebuleni, ameshakunywa chai, kisha akauliza, "Je, mama, ungependa huduma hii?" atajibiwa nini? Ataambiwa ni nzuri sana, Mungu ambariki. Yule mama hajasema uongo, ametimiza ukarimu. Mgeni naye anarudi mjini na dodoso 300 zilizojaa ndiyo, anazionyesha kwa wawekezaji, na mwaka unaofuata anashangaa walikokwenda wanunuzi.

Maswali yanayofaa yana sura nyingine. Mara ya mwisho ulipeleka pesa nyumbani lini? Ulimpa nani? Ulilipa kiasi gani? Zilifika zote? Zilipochelewa ulifanya nini? Majibu ya maswali hayo ni matukio, na tukio lina tarehe, bei na jina la kituo cha basi. Mtu aliyekwisha kutoa pesa yake kuondoa tatizo ni mteja. Anayesema tatizo linamsumbua, na hajawahi kutoa hata senti kuliondoa, bado ni mwenyeji mkarimu.

Shilingi 40 kwa siku

Nick Hughes, yule wa Vodafone, hakuishia kwenye M-Pesa. Yeye, Jesse Moore na Chad Larson walianzisha M-KOPA, kampuni iliyoanza kuuza umeme wa jua nchini Kenya mwaka 2012. Kwa mtazamo wa haraka, bidhaa yao ilikuwa paneli, taa na waya wa kuchajisha simu. Vitu hivyo vilikuwepo sokoni tayari. Kilichokuwa kipya ni namna ya kulipa, na hiyo ilitokana na kuangalia jinsi giza linavyogharimu.

Kaya isiyo na umeme hainunui mwanga kwa mwezi. Mtoto hutumwa dukani jioni na chupa, anapimiwa mafuta ya taa ya kutosha koroboi ya usiku huo, na kesho anarudi tena. Simu hupelekwa kituoni kuchajishwa kwa malipo. Pesa nazo huingia hivyo hivyo: ya maziwa ya asubuhi, ya kibarua cha leo, ya mboga zilizouzika. Mtu huyo akiambiwa taa ya jua itamwokolea fedha nyingi kwa miaka mitatu, ataafiki, na hatanunua, kwa sababu bei yote inadaiwa siku ya kwanza.

M-KOPA ikaigawa bei ifanane na chupa ile ya mafuta. Mteja aliweka kianzio cha shilingi elfu mbili na kitu, kisha akalipa shilingi 40 kwa siku, baadaye 50, kwa M-Pesa, kwa takriban mwaka mmoja. Ndani ya kifaa mliwekwa kadi ya simu. Malipo yakiingia, taa inawaka. Yakikosekana, inazimwa kutoka mbali hadi mteja atakapolipa. Aliyekosa kibarua wiki nzima hakufuatwa na mkusanya madeni. Alilala gizani, au alirudia koroboi, na alipopata pesa akaendelea alipoachia.

Mwaka ulipokwisha, wengi walimaliza deni, na kampuni ikajikuta na kitu ambacho benki hazikuwa nacho: kumbukumbu ya malipo ya kila siku ya watu wasio na hati ya mshahara. Mteja aliyemaliza taa aliweza kuchukua jiko, tangi la maji, televisheni au mkopo wa karo. Leo biashara kubwa ya M-KOPA ni kukopesha simu janja. Kampuni iliyoanza kwa kuuza mwanga iligundua, malipo baada ya malipo, kwamba wateja wake walikuwa wakinunua nafasi ya kuaminiwa.

Somo la kampuni ya Nala linakaribiana na hilo. Benjamin Fernandes, Mtanzania, aliianzisha kama programu ya simu iliyomwezesha mtu kutumia akaunti zake za pesa za mtandao bila intaneti. Ilipata sifa na tuzo. Hata hivyo mwaka 2021 kampuni iligeukia upande mwingine wa safari ya pesa: Waafrika Mashariki wanaoishi Uingereza, kisha Marekani, wanaotuma fedha nyumbani na kukatwa ada kubwa. Mpokeaji aliyeko Dar es Salaam ni yuleyule, na simu yake ni ileile. Aliyebadilika ni mtu anayelipia huduma, na huyo alikuwa na uchungu mkubwa zaidi wa ada.

Bei ya kutojua mtaa

Kujifunza kwa wateja wa mji mmoja hakumpi mtu hati ya kuingia mji wa pili. M-Pesa ilipoanza Tanzania chini ya Vodacom mwaka 2008, wengi walitarajia kasi ileile ya Kenya. Baada ya miezi 14 Kenya ilikuwa imesajili watu milioni 2.7, Tanzania, kwa muda kama huo, haikufika laki 3. Nchi ni pana, mawakala walikuwa wachache na mbali, na viwango vya ada viliwachanganya watu. Vodacom ililazimika kubadili namna ya kuwapata na kuwasimamia mawakala, na kurahisisha ada, ndipo huduma ikashika. Afrika Kusini haikushika kabisa. Ilizinduliwa mwaka 2010, ikazinduliwa upya 2014, ikafungwa 2016. Huko watu wengi walikuwa na akaunti za benki, na maduka makubwa yalikuwa yakituma pesa tayari. Teknolojia ilikuwa nzima. Haja iliyoibeba Kenya haikuwepo kwa ukubwa huo.

Nairobi yenyewe ina mfano wake. Mwaka 2021 kampuni ya Kune Food ilipata dola milioni 1 kutoka kwa wawekezaji ili iuze milo iliyopikwa tayari. Mwanzilishi wake, Mfaransa, aliviambia vyombo vya habari kwamba siku tatu baada ya kufika Kenya aliuliza wapi atapata chakula kizuri cha bei nafuu, akaambiwa haiwezekani. Wakenya walimjibu mtandaoni kwa kishindo, wakimtajia vibanda wanakokula mchana kila siku. Kampuni iliuza milo zaidi ya 55,000, kwa takriban dola 3 mmoja, lakini Juni 2022 ikafunga, ikitaja kupanda kwa bei za vyakula na kushindwa kupata mtaji wa awamu iliyofuata.

Haitakuwa haki kusema kibanda ndicho kilichoiua Kune. Mwaka ule mitaji ilikauka kwa kampuni nyingi. Lakini bei ya mlo haiwekwi na mpishi peke yake. Mfanyakazi wa Nairobi anayo bei kichwani, aliyoizoea kwa mama anayempakulia chapati na maharagwe, anayemjua jina na kumkopesha hadi mwisho wa mwezi. Anayetaka kumwondoa hapo lazima ajue kwanza anachopewa pale, na ukopeshaji huo hauonekani kwenye jedwali la washindani.

Kusikiliza na kutii

Kuna hatari ya upande wa pili. Mwanzilishi aliyesoma mifano hii anaweza kudhani kazi yake ni kuandika kila anachoambiwa na kukitengeneza. Wateja wa Thika hawakuomba huduma ya kutuma pesa. Hawakupeleka barua wala kujaza fomu. Walionyesha kwa vitendo, na ilibidi mtu akae na mawakala, asome orodha ya miamala, aulize kwa nini fulani ameweka pesa Nairobi na kuzitoa Thika siku hiyohiyo, kisha aamue lipi lina uzito na lipi ni la mtu mmoja.

Tena jambo lililoachwa leo linaweza kuwa sahihi kesho. Mkopo, ule uliotupwa nje ya M-Pesa baada ya jaribio, ulirudi Novemba 2012 kwa jina la M-Shwari, na benki iliyoshirikiana na Safaricom ilikuwa ileile Commercial Bank of Africa. Safari hii mamilioni walikuwa tayari kwenye mfumo, miamala yao ilionyesha nani anaweza kukopeshwa kiasi gani, na hapakuwa na mkutano wa kikundi wa kuvurugwa. Wazo la mwaka 2005 lilihitaji miaka 7 na wateja wa kulibeba.

Hata mawakala walikuwa walimu. Mjini watu huweka pesa, vijijini hutoa. Kwa hiyo wakala wa mjini hubaki na noti nyingi na floti, yaani salio la kwenye simu, kidogo, wa kijijini akabaki na floti nyingi na droo tupu. Mama aliyetembea saa nzima kufuata pesa alizotumiwa na mwanawe, akaambiwa pesa hakuna, hatalaumu droo. Atalaumu M-Pesa. Tatizo hilo halionekani Nairobi kwenye ghorofa ya kampuni. Linaonekana dukani, saa nane mchana, siku ya gulio.

Kwa hiyo msomaji mwenye wazo la biashara asianzie kwenye nembo wala kwenye ofisi. Atafute watu wachache wenye tatizo analodhani analijua, awaulize lilivyowakuta mara ya mwisho na walitoa pesa ngapi kuliondoa. Awauzie kitu hata kikiwa nusu, kwa bei halisi, si ya undugu. Kisha arudi aone wanakitumiaje. Wakikifanyia kazi asiyoikusudia, aandike kabla hajawasahihisha. Wakikiweka kabatini, aulize kwa nini kabla hajaongeza kitu kingine. Na aende mwenyewe. Taarifa ya mtu aliyetumwa huja imeshapigwa pasi.